Nukta Ubavuni mwa Kadi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata kamba. Nilizikata asubuhi moja kwa wembe mpya, nikiwa na furaha, na nilipomaliza nilizifagia nikazitupa kwenye shimo la taka nyuma ya ghala la kahawa. Nilidhani nafanya usafi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Chama chetu cha ushirika pale Mbinga kilikuwa kimepunguza wafanyakazi mpaka korido ikaanza kurudisha sauti ya viatu. Soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walipita vijijini na magari yao na mizani yao, na wakulima hawakuwa tena na sababu ya kuja kwetu kila wiki. Mradi mmoja wa kilimo ndio uliotufufua kidogo. Ulitaka kugawa miche mipya ya kahawa, na kwa ajili hiyo ulituletea kompyuta moja, ili kumbukumbu zote za wakulima zihamie humo kutoka kwenye kadi: jina, kijiji, mlima, idadi ya mibuni, mwaka wa kupanda. Makabati ya kadi yalikuwa saba. Nilipewa miezi sita.

Sikusomea kompyuta. Nilijifundisha kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo mambo magumu nayaweza na mepesi yananibabaisha. Nilikuwa na hofu ya kukosea inayokaribia ugonjwa. Kila kadi niliyoingiza niliisoma mara tatu. Kila jioni nilihifadhi kazi kwenye disketi tatu, moja ofisini, moja nyumbani, moja mfukoni, na ile ya mfukoni niliipapasa njia nzima kama mtu mwenye jino bovu. Nilipofika mwisho nilihesabu kadi kabatini na nikahesabu majina kwenye kompyuta. Hesabu zilikubaliana. Hakuna hata kadi moja iliyopotea. Usiku huo nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Lazima nieleze zile kamba. Kadi hazikuwa zimewekwa huru kabatini. Zilitobolewa tundu kwenye pembe na kufungwa mafungu mafungu, fungu moja kwa ntambo moja. Ntambo, kwa Kimatengo, ni mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, ambao watu wa ukoo mmoja na jirani zao huulima kuanzia bondeni mpaka juu. Ndani ya fungu sikuona utaratibu wowote. A ilifuata M, mwanachama wa juzi alikaa juu ya mwanachama wa zamani. Nilisikitika. Nilijisemea kwamba karani aliyenitangulia alikuwa mvivu. Nikakata kamba, nikazipanga kadi zote kwa alfabeti, wilaya nzima, ndipo nikaanza kuingiza.

Si hivyo tu. Kadi nyingi zilikuwa na nukta ndogo ubavuni, kwenye ule ukingo mwembamba, rangi ya majivu. Ziliniudhi. Nilichukua raba nikaanza kuzisugua, kadi moja moja, kuanzia A. Umeme ulikuwa umekatika na sikuwa na kazi nyingine. Uliporudi nilikuwa nimefika katikati ya E, nikaacha, na dhamiri ikanisumbua kidogo kwa kuacha kazi ya usafi bila kuimaliza.

Wiki chache baadaye alikuja mwanamke mmoja kutoka upande wa Mapera. Alisimama mlangoni, akavua buti za mvua, akavaa kandambili alizozitoa kwenye kikapu, ndipo akaingia. Alikuwa amenizidi labda miaka kumi na mitano.

"Karibu, dada."

"Asante. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye mimi."

"Haya, nitafute."

Akanitajia jina lake. Lilianza na A. Nikaandika, nikabonyeza, na kabla hajakaa vizuri alikuwa ametokea kwenye kioo. Niligeuza kompyuta ili ajione. Nakiri kwamba nilikuwa nasubiri kusifiwa.

"Uko namba arobaini na moja," nikasema.

"Kati ya nani na nani?"

Nikamsomea jina la juu na jina la chini. Akatikisa kichwa.

"Huyo wa kwanza yuko kijiji cha Ukata. Huyo wa pili ni katekista wetu, hana hata mbuni mmoja, sijui nani alimwandika. Mdogo wangu, sikuulizi hivyo. Nauliza mlimani niko wapi."

Sikuelewa swali. Nilimwambia idadi ya mibuni yake na mwaka ilipopandwa. Akaitikia kwa kichwa, akasubiri, kama vile nilikuwa bado sijaanza kujibu.

Kisha akanieleza, polepole, kama unavyomweleza mgeni. Alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Baba yake alimkatia kipande kwenye ntambo yao, katikati ya vipande vya kaka zake wawili, akapanda kahawa kwa mikono yake. Karani wa chama alipopita, aliwaandika wakiwa wamesimama mashambani mwao, mmoja baada ya mwingine. Sasa baba amefariki, na miche mipya inakuja. Kaka mkubwa anasema kipande cha katikati ni chake tangu zamani, na kwamba cha dada yake ni kile cha chini kabisa, kando ya kijito, kilichomezwa na magugu.

"Na majirani wanasemaje?"

"Majirani wanasema ni mambo ya ndugu. Wakiniona wanaangalia majembe yao." Alivuta kiti karibu. "Kikao ni Jumamosi. Mwenyekiti wa kijiji anamkumbuka karani wenu. Alikuwa anapanda mlima kwa miguu, anaanzia kijitoni, anaandika kadi moja moja mpaka juu, halafu anazifunga vilevile. Mwenyekiti amesema fungu la ntambo yetu liletwe, litaonyesha. Kwa hiyo nionyeshe fungu."

Nilitazama makabati yangu saba yenye lebo nilizozichapa mwenyewe.

"Mafungu hayapo," nikasema.

"Yamekwenda wapi?"

"Yamo humu." Nikagusa kompyuta.

"Basi yatoe."

Nilimwambia arudi Ijumaa. Alipokuwa anavaa buti zake mlangoni aliniambia, bila kugeuka, "Mibuni ile nimeipogoa mwenyewe miaka tisa. Nikipewa magugu, sina pa kwenda." Halafu akaondoka.

Nilikwenda kwa meneja. Alikuwa mtu mwema aliyeiogopa kompyuta na kwa hiyo aliiheshimu mno.

"Kompyuta inasemaje?" akauliza.

"Inasema A, B, Ch, mzee."

"Basi ndiyo hivyo. Waambie kijijini wafuate kompyuta."

"Mzee, mlimani hakuna A, B, Ch."

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyefanya kazi kupita kiasi. "Kapumzike, kijana."

Siku mbili zilizofuata sikujua nafanya nini. Nilizitoa kadi za ntambo ile, thelathini na nne, kwa sababu jina la mlima liliandikwa juu ya kila moja, nikazitandaza mezani. Nilizipanga kwa namba ya uanachama. Nilizipanga kwa mwaka wa kupanda, kwa unene wa wino, kwa madoa ya unyevu. Kila mpango ulionekana wa kweli kwa dakika tano. Jambo lililonichanganya zaidi ni kwamba kila kitu kilichoandikwa kwenye kadi nilikuwa nacho, neno kwa neno, na bado kile alichokitaka hakikuwamo. Nilirudia kujiuliza kilikuwa kimeandikwa wapi. Sikuweza kukubali kwamba hakikuandikwa popote, kwamba kilikuwa tu namna kadi zilivyokaa.

Nitasema na hili. Jumanne mchana niliandika orodha mpya kwenye kompyuta na kumweka yule dada katikati ya kaka zake, kwa sababu nilimwamini. Ilipendeza. Halafu nikajaribu kumweka chini, kijitoni, na ikapendeza vilevile. Urahisi ule ulinitisha. Nikazifuta zote mbili.

Jumatano nilipata lori la kushuka Ziwa Nyasa. Karani wa zamani alikuwa Mnyasa, na alipopunguzwa kazini alirudi kwao, kijiji kimoja mbele ya Mbamba Bay. Nilimkuta yeye na mkewe wakianika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja karibu na maji. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima njia nzima, na yote yakanitoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliniangalia viatu, kalamu mfukoni, disketi. "Wewe ndiye uliyekalia kiti changu?"

"Ndiyo, mzee."

"Bado kinayumba?"

"Nilikipigilia misumari."

"Umekiharibu. Kilikuwa kinaniamsha nikisinzia."

Mkewe alisema, "Mpe kazi ya mikono kwanza, anatetemeka huyu." Wakanipa kichanja cha kugeuza samaki. Nikaanza kugeuza, na huku najieleza, maneno yakigongana. Nilipoinua kichwa mama yule alikuwa amejishika kiuno, anacheka mpaka machozi.

"Jamani, njooni muone! Anawapanga kama wanafunzi mstarini!"

Kweli, nilikuwa nimewalaza usipa wote vichwa upande mmoja. Sikuwa nimejua.

Mzee hakucheka. Alikuwa amesikia neno moja tu katika maelezo yangu.

"Ulikata kamba?"

"Nilikata, mzee."

"Za mafungu yote?"

"Yote."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa chafu."

Alikaa juu ya jiwe. Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru. Badala yake akauliza, "Unajua kwenye lile ghala kuna panya?"

"Najua."

"Walikula kamba zangu mara mbili. Mara ya kwanza nilipanda milima yote upya, miguu ikavimba. Mara ya pili nilizipanga palepale mezani, nikaenda zangu nyumbani mapema. Unadhani nilifanyaje?"

"Sijui, mzee."

"Ubavuni. Hukuona kitu ubavuni?"

Nikazikumbuka zile nukta. Alimwagiza mkewe daftari la shule na penseli. Akalifunga daftari, akachora mstari wa mshazari kwenye ukingo wa kurasa zake, kuanzia pembe hii mpaka pembe ile. Kila ukurasa ukapata nukta yake, na kila nukta ikakaa juu kidogo kuliko ya ukurasa uliotangulia.

"Sasa chana kurasa, changanya, ziwe fujo," akasema. "Ukitaka kuzirudisha, panga nukta mpaka mstari unyooke. Kila fungu nililipiga mstari nilipomaliza kulifunga. Mtu mzima anaweza kukosa kamba. Hakosi mstari."

Nikarudi kugeuza usipa. Aliniangalia muda mrefu, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Umefanya nini tena?"

"Nilizisugua. Kwa raba. Nilidhani uchafu."

"Zote?"

"A mpaka katikati ya E."

Mkewe aliacha kucheka. Mzee akashika kichwa. "Huyu mtoto," akamwambia mkewe, "ukimwacha hapa wiki moja atayapiga pasi mawimbi." Kisha akanigeukia. "Penseli ile haifi kirahisi. Ni ile inayogeuka zambarau ikilowana. Ilambe."

"Nilambe nini?"

"Kadi! Ubavuni. Ukiona zambarau, imepona. Usipoiona, basi wewe na Mungu wako."

Alhamisi jioni nilikuwa Mbinga. Ijumaa asubuhi nilijifungia. Kati ya kadi thelathini na nne, tano zilikuwa zimesuguliwa. Nilizipanga zile ishirini na tisa kwa nukta, na mstari ukapanda wenyewe kutoka pembe moja mpaka nyingine, umeruka sehemu tano. Nakumbuka nilicheka peke yangu. Kisha nikalamba. Kadi zilikuwa na ladha ya vumbi na unga. Ya kwanza ikatoa zambarau, ya pili ikatoa, ya tatu ikatoa hafifu lakini ikatoa. Nikaziingiza mahali pake. Zikabaki nafasi mbili wazi: moja chini kabisa, kijitoni, na nyingine katikati ya kadi za wale ndugu wawili.

Na mkononi nilibaki na kadi mbili. Moja ilikuwa ya mzee mmoja jirani yao. Nyingine ilikuwa yake, yule dada. Nilizilamba mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Hazikutoa kitu. Zile mbili nilikuwa nimezisugua vizuri sana.

Alipokuja nilimweleza yote. Nilitegemea matusi. Alizitazama zile nafasi mbili, akaweka kidole kwenye ile ya katikati, akakiondoa.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenifuta," akasema.

"Ndiye mimi, dada."

"Njoo kesho uwaambie hivyo hivyo. Usiongeze kitu."

Kikao kilifanyika shambani, chini ya ntambo yenyewe. Watu walikaa kwenye majani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na juu yao mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia mvua isichukue udongo, yalipanda mlima mistari kwa mistari. Midomo yangu bado ilikuwa na zambarau. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama ofisini siku hizi tunakunywa wino, watu wakacheka, na mimi nikaanza.

Niliwaambia kuhusu kamba, kuhusu raba, kuhusu mstari. Nilisema nafasi ni mbili na kadi ni mbili, na kwamba sijui ipi ni ya nani kwa sababu nilifuta mwenyewe.

Kaka mkubwa alisimama. "Mwenyekiti, umesikia. Hajui. Tumeletewa mtu wa kompyuta kutoka mjini, hajui. Dada ni wa chini, mzee ana kipande chake kule juu kwa mwanawe, kila mtu anakijua. Tuendelee na kazi nyingine."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu alisema kweli: mzee yule alilima kahawa kule juu pamoja na mwanawe, na nafasi ya huko ilikuwa tayari na kadi ya mwanawe. Nilitazama fungu mkononi. Sikuwa na wazo lolote. Nilisema tu kile ambacho karani angefanya, kwa kuwa sikujua kingine.

"Naomba nisome kadi kuanzia chini. Nikikutaja, nenda kasimame shambani kwako. Kwako tu. Sitauliza habari za mtu mwingine."

Mwenyekiti alifikiri, akasema, "Hilo halina ugomvi. Soma."

Nafasi ya kwanza ilikuwa wazi, kwa hiyo nilianza na ya pili. Nilitaja, mtu akainuka, akaenda kusimama. Nikataja, mwingine akapanda. Waliocheka kwanza waliacha kucheka. Watu wakawa wanapanda mlima mmoja mmoja, kila mtu akisimama kwenye kahawa yake, na mpangilio wa kadi ukawa unaonekana kwa macho kwenye mteremko. Kaka mkubwa alipotajwa alikwenda kusimama kwake. Nikaruka nafasi. Nikamtaja kaka wa pili, naye akasimama. Kati yao kilibaki kipande cha mibuni iliyopogolewa safi, hakina mtu. Niliendelea mpaka juu kabisa, mpaka mtoto wa yule mzee aliposimama kwenye kile kipande cha juu, kwa kadi yake mwenyewe, jina lake mwenyewe.

Chini walibaki watu wawili waliokuwa hawajatajwa. Mzee alikuwa ameketi, fimbo kwenye magoti, akitazama ardhi. Yule dada alikuwa amesimama, hajasogea.

"Mzee," mwenyekiti akasema kwa upole, "kadi yako ipo. Nenda kasimame shambani kwako."

Mzee alisimika fimbo ardhini. Kisha akainuka taratibu na kuanza kutembea, na wote tulidhani atapanda kwa mwanawe. Akageuka upande wa kijito. Aliingia kwenye magugu mpaka yakamfika kifuani, akasimama.

"Magugu haya ni yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, tukalazimika kunyamaza. "Bei ilipoanguka niliiacha kahawa yangu. Nimepanda magimbi humu ndani. Enzi za zamani mtu akiacha kahawa yake hivi aliitwa barazani. Niliona aibu. Nikasema acha watu wadhani ni ya mwingine."

Yule dada alivuka mbele yangu bila kunitazama, akapanda mlima kwa miguu peku, akapita kaka mkubwa, akasimama katikati ya ndugu zake. Kaka mkubwa alitazama chini kijitoni, kisha juu, watu wote wamesimama mahali pao. Alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mwishowe akamwambia dada yake kitu kwa Kimatengo. Nilikuwa mbali, sikusikia. Dada akajibu kwa neno moja, na kaka akasogea hatua mbili upande wake mwenyewe, ng'ambo ya mfereji uliogawa mashamba yao.

Mwenyekiti aliniambia niandike. Nilitoa penseli, nikapiga nukta mbili ubavuni mwa kadi mbili, kila moja mahali pake. Nilikandamiza mno na nukta ya yule dada ikatoka kubwa kuliko nyingine zote. Sikuisugua.

Mpaka leo sijui vizuri nilichokifanya siku ile, kama nilirekebisha kosa langu au kama mzee wa magugu ndiye aliyenirekebishia. Yule dada hakunishukuru. Miche ilipogawiwa alichukua ya kwake, akaweka sahihi, akavaa buti zake mlangoni.

Yaliyobadilika ni machache. Kwenye kompyuta niliongeza safu moja, inayosema kila mkulima anamfuata nani kutoka kijitoni kwenda juu, na niliijaza kwa kutembea milima yote, miezi minane. Kadi zimefungwa tena kwa kamba. Raba sinayo ofisini.